Barua kwa Wakili: Nyumba ya Dodoma iwe ya chuo

Barua ya kwanza

*Assalaam aleikum, Wakili. Mimi ni tabibu mstaafu, Muislamu, mwenyeji wa Kondoa, nimetimiza miaka 70. Utabibu nilisomea chuo cha hospitali ya misheni, chuo cha Walutheri, mwishoni mwa miaka ya sabini. Chumbani nililala na kijana wa Machame, mtoto wa mwinjilisti. Ramadhani ilipoingia yeye ndiye aliyekuwa akiniamsha kula daku, maana mimi nikilala nimelala. Nami Jumapili nilimshikia zamu ya wodini ili aende ibadani. Ametangulia mbele ya haki.*

*Nina nyumba mbili na shamba. Nyumba moja naishi, nyingine iko Dodoma mjini, ina wapangaji wawili. Hiyo ya Dodoma nataka nikifa iwe ya chuo, kodi yake iwe mfuko kwa jina la rafiki yangu, ili vijana wa sasa wazijue dini za wenzao. Nilipita pale mwaka jana nikaona wanakaa makundi makundi hata mezani. Je, dini yangu inaniruhusu kukiachia mali chuo cha Kanisa? Watoto wangu watano wanaweza kupinga? Na je, naweza kuandika kwamba masheikh, mapadre na wachungaji wasiuguse kabisa mfuko huo? Niliiona mihadhara ya kubishania dini ya miaka ya tisini kwa macho yangu. Wakishaingia wao, mazungumzo yanageuka mashindano.*

*Tabibu mstaafu, Kondoa*

Waaleikum salaam, na shikamoo mzee wangu.

Barua yako nimeisoma mara nyingi kuliko barua yoyote niliyoletewa mwaka huu. Mimi ni Muislamu wa Muheza, na herufi zangu za kwanza nilifundishwa na masista wa Magila. Kwa hiyo hili unaloliuliza nalijibu kama wakili, lakini pia kama mtu ambaye maisha yake yamejengwa na wema wa aina hiyohiyo unaotaka kuuacha nyuma yako.

Tuanze na dini. Wosia wa Muislamu una mpaka, nao ni theluthi ya mali inayobaki baada ya gharama za maziko na madeni. Hadithi ya Saad bin Abi Waqqas unaijua: alikuwa mgonjwa, akataka kutoa mali yake yote, Mtume (s.a.w.) akamshusha mpaka theluthi, na bado akamwambia theluthi ni nyingi, kwamba kuwaacha warithi wako wanajitosheleza ni bora kuliko kuwaacha wakiomba watu. Kuhusu mpokeaji kuwa si Muislamu, Surat Al-Mumtahina aya ya 8 haituzuii kuwatendea wema na uadilifu wasiotupiga vita katika dini, na imepokewa kwamba Bi Safiyya, mke wa Mtume, alimuusia ndugu yake Myahudi sehemu ya mali yake. Wanazuoni wanapokaza ni kwenye matumizi. Mali ya Muislamu haiusiwi kujengea mahali pa ibada ya dini nyingine. Chakula cha wanafunzi, vitabu, ada, masomo na mazungumzo ni jambo jingine. Ndiyo maana lazima wosia wako useme fedha zinafanya nini. Kabla hujatia saini, mpelekee sheikh unayemwamini ausome. Simaanishi akupe ruhusa tu. Maneno yake yatakuja kuwatuliza watoto wako siku ambayo wewe hutakuwepo kuyajibu.

Sasa watoto. Kama nyumba ya Dodoma haizidi theluthi, hawana cha kupinga. Ikizidi, kile kinachozidi kinasubiri ridhaa yao baada ya wewe kufariki, na hapo ndipo familia nyingi zinapopasuka. Dodoma ya leo si ile uliyonunulia kiwanja. Tangu serikali ihamie huko bei za nyumba zimepanda, na nyumba ambayo moyoni mwako ni ndogo inaweza kuwa nusu ya mali yako yote. Tafuta mthamini aliyesajiliwa athamini nyumba zote mbili na shamba, kisha upige hesabu.

Ipo njia ya pili ambayo wengi hawaifikirii: wakfu, yaani kuitoa mali moja kwa moja kwa ajili ya kheri, ukiwa hai na mzima. Ukiiwakifu nyumba leo, inatoka kwenye milki yako leo, na mpaka wa theluthi hauihusu. Lakini wakfu unaofanywa katika maradhi ya mauti huhesabiwa kama wosia, na wakfu ukishafunga hauurudishi. Kodi ya wapangaji wawili utaiaga. Kama hiyo ndiyo inayokununulia dawa za presha, usifanye hivyo. Bakia kwenye wosia.

Faida ya nyumba, ukiilinganisha na fedha taslimu, ni hii. Mfuko wa kudumu maana yake mtaji hauliwi, kinacholiwa ni matunda. Vyuo vya Marekani vilivyobobea katika mambo haya kwa kawaida hutumia kama asilimia 4 au 5 ya thamani ya mfuko kwa mwaka, na kingine hubaki ili mfuko usiliwe na mfumuko wa bei. Huku kwetu chuo kikipewa fedha, mhasibu atakimbilia hati fungani za serikali, na wewe utaniuliza habari za riba. Nyumba inayokodishwa haina mgogoro huo. Kodi ni halali yako na ni halali ya Mlutheri. Andika tu kwamba robo ya kodi iwekwe kila mwaka kwa ajili ya bati, rangi na mabomba, kwa sababu nyumba ya wakfu isiyokarabatiwa haichukui miaka mingi kuwa gofu, na wewe na mimi tumeyaona magofu hayo pwani nzima.

Jambo jingine la kisheria, dogo kwa maandishi lakini kubwa kwa matokeo: jina. Ukiandika "naiacha kwa Chuo" unaweza kuwa umeiacha kwa hewa. Vyuo vingi vya makanisa havimiliki mali kwa jina lao. Mali inashikwa na Wadhamini Waliosajiliwa wa dayosisi au wa kanisa, chini ya Sheria ya Usajili wa Wadhamini, Sura ya 318. Muulize mkuu wa chuo kwa barua: nani anashika hati za ardhi yenu? Jina atakalokupa, neno kwa neno, ndilo liingie kwenye wosia, na baada yake maneno "kwa amana, kwa ajili ya mfuko wa". Bila neno amana nyumba yako inaingia kwenye kapu la dayosisi pamoja na kila kitu.

Niliwahi kusimamia mirathi ya mhitimu mmoja aliyekiachia chuo chake fedha nzuri "kwa faida ya wanafunzi wa dini zote". Nia ilikuwa kama yako. Mjane wake alinieleza. Chuo kilinunua viti vya plastiki vya ukumbi wa mikutano, mia mbili, vya bluu. Nilipokwenda kukagua nilioneshwa viti na risiti. Wanafunzi wa dini zote walikuwa wanavikalia. Hapakuwa na kosa lolote ambalo ningeweza kulipeleka mahakamani.

Kwa hiyo lengo lisemwe. Lakini njia usiifunge, na hapa nafika kwenye swali lako la tatu, la kuwazuia viongozi wa dini.

Yupo mtu aliyefanya hivyo kabla yako. Stephen Girard alizaliwa Bordeaux, Ufaransa, akawa mfanyabiashara na mwenye benki huko Philadelphia, mmoja wa matajiri wakubwa wa Marekani ya wakati wake. Alifariki Desemba 1831 bila mtoto. Sehemu kubwa ya mali yake aliiacha ijengwe shule ya bweni ya yatima, na katika wosia akaagiza kwamba kiongozi wa dini wa dhehebu lolote asishike kazi yoyote pale, wala asikanyage ndani ya mipaka yake hata kwa kutembelea. Sababu aliyoitoa ingeweza kuandikwa na wewe: hakutaka akili changa za yatima zivurugwe na mabishano ya madhehebu. Ndugu zake walikwenda mahakamani kuupinga wosia, wakasema unauchukia Ukristo. Mwaka 1844 Mahakama ya Juu ya Marekani iliwakatalia. Ilisema mwalimu asiye mchungaji anaweza kufundisha maadili na Biblia vilevile. Shule ilifunguliwa 1848 na ipo mpaka leo.

Lakini Girard aliandika pia kwamba yatima hao wawe wavulana, na wawe weupe. Kifungu hicho kiliwazuia watoto weusi mpaka 1968, huku ukuta wa mawe wa shule ukiwa katikati ya mitaa waliyojaa watu weusi, na baada ya miaka 14 ya kesi na maandamano ambayo Martin Luther King naye alifika kuyahutubia mwaka 1965. Wasichana walisubiri mpaka miaka ya themanini. Mtu mmoja, kwa wosia mmoja, aliwafunga mikono watu wa vizazi vitano.

Nakwambia haya kwa sababu unachokiogopa ni cha kweli. Mihadhara ile nami naikumbuka, vipaza sauti viwili vikitazamana, kila mmoja na kitabu cha mwenzake mkononi akitafuta aya ya kumuaibishia. Watu walirudi majumbani wakiwa hawasalimiani. Lakini dawa yake haiwi kumfungia mlango sheikh na mchungaji. Mzazi wa Usangi au wa Ujiji akisikia binti yake anaitwa kwenye mazungumzo ya dini ndani ya chuo cha Kanisa, na hakuna hata maalimu mmoja aliyehusishwa, atamwambia asiende. Na mchungaji wa chuo akiwekwa nje ataupiga vita mfuko huo kimyakimya, na ana nafasi ya kufanya hivyo kila Jumapili. Kataza tendo, usikataze watu. Andika kwamba fedha zisitumike kuhubiri kwa lengo la kumtoa mtu katika dini yake, wala kwa mjadala wa kutafuta mshindi. Hilo litawabana wote, wawe na kanzu, kola au suti.

Na fedha zifanye nini? Wewe ni tabibu, na naona huko ndiko uzito wa wazo lako ulipo. Vijana hao watakwenda kutibu watu. Kutakuwa na mgonjwa wa kisukari anayeficha kwamba amefunga, kwa sababu anajua muuguzi Mkristo atamgombeza, na anaruka sindano ya insulini bila kumwambia mtu. Kutakuwa na familia inayotaka mzee wao anayekata roho aelekezwe Kibla, na kitanda cha wodi kimeelekea dirishani. Kutakuwa na Mkatoliki anayemtaka padre kwa mpako wa wagonjwa usiku wa manane, na muuguzi Muislamu wa zamu asiyejua kwamba hilo haliwezi kusubiri asubuhi. Shahidi wa Yehova anayekataa damu. Maiti ya Muislamu ambayo ndugu wanataka kuizika kabla ya jua kuzama, na karatasi ziko kwa mtu aliyekwenda kula. Haya hakuna anayeyabishania kwa vipaza sauti. Yanajifunzwa na mtu aliyekaa na wenzake. Kodi ya nyumba yako ikilipia mafunzo haya mwaka hadi mwaka, na futari ya pamoja inayopikwa na jikoni la chuo, na Muislamu mmoja na Mkristo mmoja wakaendelezwa kila mwaka kwa ada, utakuwa umefanya jambo ambalo hata chuo chenyewe hakikujua kwamba kinalihitaji.

Si jambo geni katika ukanda wetu. Chuo Kikuu cha St. Paul's cha Limuru, Kenya, ambacho ni cha makanisa, kina kituo cha mahusiano ya Wakristo na Waislamu, nacho wamekiweka Eastleigh, Nairobi, mtaa wenye Waislamu wengi. Wamekwenda kukaa waliko majirani. Na Chuo Kikuu cha Waislamu cha Morogoro kimekaa kwenye majengo yaliyokuwa chuo cha TANESCO, yaliyotolewa na serikali ya Rais Mkapa, Mkatoliki. Wakumbushe watoto wako hilo wakikuuliza kwa nini mali ya Muislamu iende kwa Walutheri.

Maneno ya wosia nakuandikia hapa. Yabadilishe majina tu:

*"Nyumba yangu iliyoko Dodoma, kiwanja namba …, naiacha kwa Wadhamini Waliosajiliwa wa …, kwa amana, kwa ajili ya mfuko utakaoitwa kwa jina la …, uliopo kuwawezesha wanafunzi wa Chuo cha … wa dini mbalimbali kujuana, kusoma pamoja na kuheshimu imani za wagonjwa wao. Matumizi yataamuliwa na kamati ya watu watano, wakiwemo Waislamu wasiopungua wawili na Wakristo wasiopungua wawili, na uamuzi wowote uwe na sauti ya angalau mmoja wa kila upande. Fedha zisitumike kwa ibada, ujenzi wa mahali pa ibada, wala kumshawishi mtu abadili dini. Ikiwa chuo kitafungwa au njia hizi hazitafaa tena, kamati itachagua njia nyingine iliyo karibu zaidi na lengo hili."*

Ile sentensi ya mwisho ndiyo Girard hakuiandika.

Mashahidi wawe wawili au zaidi, watu wazima, wasiofaidika na wosia. Nakala moja ikatunzwe RITA, wakala wa serikali anayetunza wosia, nyingine kwa wakili wako, na umwoneshe mwanao mkubwa mahali zilipo. Kisha waite watano wote, uwasomee. Anza na habari za rafiki yako na daku, halafu vifungu.

Barua ya pili

*Wakili, Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni muuguzi mstaafu, mjane, sikujaliwa mtoto. Nina wapwa. Wosia wangu niliuandika mwenyewe, nimeuweka kwenye sanduku la kitenge. Nusu ya mali yangu nakiachia chuo cha uuguzi cha kanisa letu la Kilutheri nilichosoma, kwa ajili ya masomo ya kuelewana Wakristo na Waislamu. Mchungaji wangu ndiye shahidi. Wanakwaya wenzangu wamesikia, wananiambia nachanganya dini. Nimekosea wapi?*

*Mama wa Bukoba*

Mama yangu, hujakosea nia, lakini sanduku la kitenge linaweza kukuangusha.

Wosia wa Mkristo Tanzania Bara unaweza kuangukia moja kati ya sheria mbili. Ya kwanza ni ya kimila, Tangazo la Serikali namba 436 la mwaka 1963, ambayo kwa wosia wa maandishi wa mtu anayejua kusoma inataka mashahidi wasiopungua wawili, mmoja wa ukoo na mmoja wa nje. Ya pili ni Sheria ya Urithi ya India ya mwaka 1865, tuliyorithi kwa Waingereza, ambayo nayo inataka mashahidi wawili. Wewe unaye mmoja. Kwa sheria yoyote kati ya hizo, wosia wako leo ni karatasi tu.

Sheria hiyo ya 1865 ina mtego ambao hata mawakili vijana wanausahau. Kifungu cha 105 kinasema mtu mwenye mpwa, au ndugu wa karibu kuliko mpwa, hawezi kuusia mali kwa dini au kwa hisani isipokuwa wosia umeandikwa si chini ya miezi 12 kabla ya kifo chake, na ndani ya miezi sita tangu uandikwe umewekwa mahali palipowekwa kisheria kwa utunzaji. Waliotunga waliogopa mapadre wanaowainamia wagonjwa mahututi. Wapwa wako wakipata wakili mzuri, atakisoma kifungu hicho kwa sauti mbele ya jaji, na fungu la chuo litaanguka.

Basi fanya hivi, na ufanye wiki hii, sio baada ya sikukuu. Andika upya kwa mkono wa wakili. Weka mashahidi watatu: mmoja wa ukoo wako, jirani, na mtu wa kazini zamani. Mchungaji muache apumzike. Hana kosa, lakini chuo ni cha kanisa lake na wapwa watasema aliupika yeye. Ndani ya wosia taja wazi sheria unayotaka itumike, na ueleze kwamba maisha yako umeyaendesha kwa ndoa na taratibu za Kikristo, maana mahakama hutazama maisha ya marehemu na nia yake. Kisha ukauhifadhi RITA, uchukue stakabadhi. Mungu akupe miaka mingi. Mimi naomba kwanza hiyo miezi 12.

Kuhusu wanakwaya. Waulize wodini mliwaombeaje wagonjwa Waislamu. Umehudumu miaka yote hiyo, umewakogesha watoto wa Muislamu, umefunga macho ya baba zao. Ulichanganya dini gani? Muuguzi anayejua kwa nini mgonjwa wake hataki supu ya nguruwe anabaki Mlutheri vilevile, ila mgonjwa anakula. Wao wenyewe wakilazwa mahali ambapo muuguzi ni Zuhura watatamani Zuhura awe amesoma kwa fedha zako.

Barua ya tatu

*Dada Wakili, sisi ni wahitimu wa 2012, tupo kundi la WhatsApp watu 60. Tunataka nasi kukiachia chuo chetu mfuko wa kuelewana dini lakini hatuna nyumba wala mali. Tuanzie wapi?*

*Katibu wa kundi, Morogoro*

Msianze na wosia. Anzeni na mchango mdogo wa kila mwezi na akaunti yenye watia saini watatu, wasiwe wa dini moja. Kiandikieni chuo barua kabla ya kukusanya shilingi, mkiuliza kitapokea nini na kwa masharti gani. Chuo kingine kitakataa, bora mjue mapema. Mwenye bima ya maisha anaweza kukitaja chuo kama mnufaika wa sehemu yake, asilimia 5 au 10, na hiyo haimgharimu chochote leo. Mafao ya hifadhi ya jamii msiyahesabu. Hayo sheria imeyapangia wategemezi wenu.

Na mkishapata fedha za kwanza, hata laki tano, zitumieni mwaka huohuo kwa futari moja na chakula cha Krismasi kimoja, hapo chuoni, wanafunzi wote wakiwa wamealikwa kwa majina. Picha zirudi kwenye kundi. Watu 60 wakiona fedha yao imekaa mezani, mwakani watachanga bila katibu kuwasukuma.